Uzi Mguuni mwa Jemedari

Fundi hakuwa mtu wa kuogopa ovyo. Mteja mkorofi alimtoa nje kwa kumtazama tu, futi ya kupimia nguo imening'inia shingoni, sauti hajaipandisha. Siku mbwa wa nyumba ya pili alipokata mnyororo, wanaume wazima walipanda ukuta, na yeye ndiye aliyetoka na ufagio. Lakini kwa Jemedari, nakwambia, mwanamke yule alikwisha. Akimwona tu, jasho lilimtiririka mgongoni.

Na Jemedari alikuwa mjusi.

"Iguana," binti wa mumewe angesahihisha, kama alivyomsahihisha kila aliyetamka neno kenge. Majirani waliendelea kusema kenge. Hata wewe ungesema, ungemkuta amejinyoosha juu ya gogo lake, rangi ya majani yaliyochujuka, miiba imesimama tangu kisogoni hadi mkiani, ngozi inaning'inia kidevuni kama soksi isiyo na mguu, na jicho moja limekukazia wala halipepesi. Mkia peke yake ulikuwa mrefu kuliko mguu wa mtu mzima.

Alikuwa wa marehemu. Mke wa kwanza wa mume wa Fundi alimnunua akiwa mdogo wa kulala kiganjani, kwa muuza ndege ambaye hakusema, na watu wale hawasemi, Mungu anawaona, kwamba kitu hicho kitakua mpaka kitake chumba chake. Alipokua wakamhamishia kwenye kabati la nguo. Waling'oa milango, wakagongomea wavu wa kuku, wakaning'iniza balbu kubwa ndani apate joto, na hapo wakaona nyumba imekamilika. Puani alikuwa na kidonda kisichopona, kwa kujisugua kwenye waya kutwa. Mgongoni palikuwa na baka la pale alipowahi kuungua kwa balbu. Wote mle ndani waliamini ndivyo alivyoumbwa.

Marehemu alipougua, Jemedari alilala kifuani kwake. Alipofariki, binti alibaki na Jemedari na Jemedari akabaki na binti. Kisha akaja Fundi, na cherehani yake na magunia yake ya vitambaa, na kabati lile likawa kwenye chumba kilekile alichopewa kushonea. Alishona huku akitazamwa. Kila alipokanyaga cherehani alihisi lile jicho kisogoni, na akigeuka, kweli, lilikuwa pale.

Binti hakuwa mtovu wa adabu. Alisalimia, akiulizwa alijibu, akila aliosha sahani yake. Sahani yake tu. Fundi alimwita "mwanangu" mara moja, akatazamwa kwa namna iliyomfanya asirudie tena. Yeye mwenyewe aliitwa Anti, na alishukuru kwa hilo, maana unajua watu wanavyosema kuhusu mama wa kambo. Huhitaji kufanya kosa. Jina lenyewe linakutangulia mlangoni na kukuchafulia kabla hujavua viatu.

Basi shule ikatangaza kambi ya masomo, na baba mtu alikuwa safarini na lori lake. Asubuhi ya kuondoka, binti alisimama mbele ya kabati, mkoba mgongoni, akatoa maagizo bila kumtazama Fundi usoni. Majani mabichi asubuhi. Maji. Taa iwashwe kukicha, izimwe jua likizama.

"Na usimshike, Anti. Hapendi mgeni. Wala usiguse kitu humo ndani, vitu vyake viko kama vinavyotakiwa."

"Mimi nimshike? Mwanangu... aa, hapana. Huyo hata kivuli chake sikigusi."

Binti karibu acheke. Karibu tu. Akafungua wavu, akainama ndani, akamnong'oneza Jemedari maneno ambayo hayakuwa ya Fundi, akaenda zake.

Hapo sasa ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo ni fundi cherehani tu angelifanya. Mtu mwingine angehamisha kiti, au angehama chumba. Yeye alishona pazia. Alichukua kitambaa kizito cha kijani kilichobaki kwenye kazi ya mteja, akakikata kwa kipimo cha kabati, akaweka marinda ya kukunja, upindo mpana chini, na kamba ya kuvutia pembeni. Pazia zuri kabisa. Akalitundika mbele ya wavu, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe akashona kisogo kikiwa huru. Asubuhi alilisogeza upenyo mdogo, akasukumia majani kwa mwiko mrefu wa ugali, akageuza uso, akafunga. Hakuona kitu wala hakutaka kuona. Moyo ulitulia, akawa hata anaimba.

Jirani yake, Mama Pacha, aliyekuwa akija kuchukua gauni lisiloisha, alilisifu lile pazia. "Umemsitiri mumeo mdogo," akasema, na wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Mpaka asubuhi moja aliposukuma mwiko na ukagonga majani ya jana. Yalikuwa palepale, yamenyauka. Chini yake yalikuwepo ya juzi.

Fundi alisimama na mwiko mkononi. Akasikiliza. Kwa kawaida palikuwa na mkwaruzo wa kucha, au ule mlio wa mkia ukipiga ubao. Sasa kimya. Na hapo hofu nyingine ikamwingia, mpya, tofauti na ile aliyoizoea. Ile ya kwanza ilikuwa ya kuumwa. Hii ilimwambia maneno kamili: akifa, amekufa mikononi mwako. Nani atakuuliza ilikuwaje? Watasema mwanamke aliingia, akaona hakuna cha marehemu cha kufuta isipokuwa hiki, akakifuta.

Akavuta pazia lote.

Jemedari alikuwa amejibana kwenye kisanduku cha kulalia kule pembeni, nusu ndani nusu nje. Hakuinua kichwa. Rangi yake ilikuwa imezama, kama nguo iliyoloweshwa na majivu. Mguu wa nyuma ulikuwa umetoka nje ya kisanduku na Fundi akauona, na mwiko ukamponyoka mkononi. Vidole viwili vilikuwa vimevimba na kugeuka rangi ya biringanya. Kwenye mashina ya vidole, na juu zaidi kifundoni, palikuwa na mfinyo mwembamba, nyama imefura huku na huku. Aliujua mfinyo ule. Ni vile kidole chako kinavyokuwa ukikizungushia uzi ukasahau.

"Uzi," alisema kwa sauti. "Uzi wangu."

Maana chumba kile kilikuwa nyuzi tupu. Sakafuni nyuzi, kwenye kiti nyuzi, kwenye nguo zake nyuzi, mpaka kwenye chakula ziliwahi kuokotwa. Mmoja umepeperuka, umepita kwenye wavu, umemzunguka mnyama mguuni, na yeye amekaa upande wa pili wa pazia anaimba.

Mama Pacha alipoitwa alikuja mbio, akachungulia kutoka mlangoni, wala hakuvuka kizingiti. Alikuwa na namba ya daktari wa mifugo kwa ajili ya kuku wake, akampa. Lakini alipoona Fundi anabonyeza simu, akamshika mkono.

"Shoga, nikwambie kama ndugu yako. Funga pazia. Hukuona. Mnyama ni wa porini, amekufa kwa kifo chake, wewe utakuwa umepumzika na chumba kitakuwa chako. Ukimshika akafia mikononi, hapo ndipo utakapokuwa umemuua."

Na usidhani Fundi hakulifikiria. Alilifikiria vizuri sana. Alilitazama lile pazia na marinda yake, akaona lilivyo rahisi kuvuta kamba ile. Kisha daktari akapokea simu, na nafasi ikapita.

Daktari alikuwa anahema. "Sema haraka, mama. Nina mkono ndani ya ng'ombe. Kijana ndiye amenishikia simu sikioni."

Fundi akasema haraka.

"Vidole vina rangi gani? Nyeusi au zambarau?"

"Zambarau."

"Baridi au moto?"

"Sijui, sijamgusa."

"Basi mguse, mama, mimi sioni kwa simu." Ng'ombe akalia huko aliko. "Sikiliza. Nitafika zahanati mchana, sio kabla. Uzi ule ukingoja mchana, mguu wote unaondoka, na sumu ikipanda anaondoka mwenyewe. Utaukata wewe. Mzungushe taulo, macho umfunike, atatulia. Usimshike mkia hata iweje, unakatika na kubaki mkononi mwako. Uzi usiuvute. Ukate, usiuvute. Ukimaliza mweke kwenye boksi, umpashe joto, umlete."

"Daktari, mimi namwogopa."

"Naye anakuogopa," daktari akasema. "Mmoja wenu ana mkasi." Simu ikakatika.

Mama Pacha alikuwa ameshaondoka. Alikumbuka sufuria jikoni.

Fundi alivaa koti la mumewe la safari, lile zito, na juu yake glavu za kuepulia sufuria. Alipoona glavu hazimruhusu hata kufungua kitasa, akazivua. Akachukua taulo kubwa. Mkasi mkubwa haufai, akachukua kile kimkasi cha kukatia nyuzi, na sindano moja nene ya kushonea magunia. Akafungua mlango wa wavu, na ncha za wavu zikamchana kiganja kabla Jemedari hajafanya lolote. Ncha za waya zote zilikuwa zimeelekezwa ndani. Miaka yote hiyo yule mnyama ameishi na ncha zile, aliwaza, na akajiona mjinga kuyawaza hayo muda kama ule.

Alipoingiza mkono, lile jicho likafunguka.

Hapa wengine wangesimulia kwamba alipata ujasiri. Hakupata. Alikuwa analia kwa sauti, kamasi zinamtoka, anasema "samahani, samahani, baba, samahani," na mkono unaenda. Taulo likaanguka juu ya kichwa. Mkia ukaja kama mjeledi, ukampiga shavuni na sikioni mpaka akaona nyota, akapiga yowe lakini hakuachia. Akakumbatia kile kifurushi kifuani, kizito, cha baridi, kinachopiga mateke, akakivuta nje ya kisanduku. Na kikakwama.

Kilikuwa kimefungwa na kitu ndani. Fundi akavuta hicho kitu kwa mkono wa pili, kikaja, kikaja kingi.

Lilikuwa shali. Shali la sufu, rangi ya kutu, limefumwa kwa mkono, pindo limefumuka upande mmoja, na uzi uliofumuka ulitoka pale moja kwa moja mpaka mguuni mwa Jemedari. Fundi hakuhitaji kuuliza ni la nani. Picha ilikuwa ukutani sebuleni, kila mgeni aliiona: marehemu anacheka, shali lilelile mabegani. Binti ndiye aliyeliweka mle kisandukuni asubuhi ya kuondoka, pale alipoinama kunong'ona. Vitu vyake viko kama vinavyotakiwa, Anti.

Nitakwambia ukweli kuhusu Fundi, kwa sababu nampenda. Alifurahi. Akiwa amemkumbatia mnyama anayekufa, kitu cha kwanza kilichompitia moyoni ni raha, raha ya mtu aliyefutiwa kesi. Si mimi. Si uzi wangu. Alikata ule uzi unaomfunga Jemedari na shali, akalitandaza shali juu ya meza ya cherehani, akaliweka upande uliofumuka ukiwa juu, ili yeyote atakayeingia alione hilo kwanza. Ndipo akambeba Jemedari kwenda jikoni, kwenye mwanga.

Alikaa sakafuni, akakibana kifurushi kati ya mapaja, mguu mbovu nje. Ulikuwa wa moto. Akavaa miwani. Uzi wa cherehani ungekuwa rahisi, ungekatika kwa kuguswa tu, lakini sufu ile ilikuwa imesokotwa, imelowa, imezama kwenye nyama mpaka huioni. Ncha ya kimkasi haikupita. Akigusa, mguu ulirusha, na kila uliporusha Fundi alifumba macho.

Akageuza sindano. Hii ni kazi ya fundi, hakufundishwa na daktari: ukitaka kuinua uzi bila kutoboa kitambaa, unaupitia kwa upande wa tundu, ule butu, si wa ncha. Akaiingiza taratibu chini ya mzunguko wa kifundoni, akauinua uzi kwa upana wa unywele, akakata juu ya sindano. Mzunguko ukaachia. Damu ikarudi pale kwa rangi yake na Jemedari akatikisika mwili mzima.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka.

Shule ilikosa maji na kambi ikavunjwa. Binti alisimama kizingitini, mkoba mgongoni, na alichokiona usiniulize, jiweke mahali pake. Mama wa kambo sakafuni, damu shavuni, Jemedari amefunikwa kichwa, na mkasi uko mguuni.

"Unamkata," binti akasema. Hakupiga kelele. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya mtoto wa chekechea, na hiyo ilimtisha Fundi kuliko mkia.

"Ana uzi mguuni. Njoo umshike kichwa."

"Unamkata mguu."

"Mwanangu, njoo uone."

"Mimi si mwanako." Alikuwa ameshatoa simu. "Nampigia Baba. Nilijua. Nilijua tu, tangu siku ile ulipokuja nilijua."

Mapaja ya Fundi yalikuwa yanatetemeka na Jemedari amelihisi hilo, ameanza kujisukuma. Mizunguko ya vidoleni bado. Akiachia sasa, atapanda mpaka juu ya makabati na vidole vitabaki vilivyo. Fundi akaogopa mambo yote kwa pamoja, meno, mkia, simu, mume, mtaa, na yale macho ya mtoto pale mlangoni, na katika yote hayo akaona moja tu linaloweza kufanyika.

"Mpigie," akasema. "Mwambie kila unachokiona, sitakuzuia. Lakini mshike kichwa kwanza. Ukishampigia, vidole vitakuwa vimekufa."

Binti akatazama mguu. Akauona ule uvimbe. Simu ikashuka, akapiga magoti, mkoba ungali mgongoni, akakipokea kile kichwa ndani ya taulo kwa mikono iliyokijua.

"Ni nyuzi zako," alisema. "Nyumba nzima nyuzi zako."

Fundi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari, na ushahidi ulikuwa chumba cha pili umetandazwa. Lakini binti alikuwa ameshainamisha paji la uso kwenye taulo, anamnong'oneza Jemedari, na safari hii Fundi alisikia.

"Pole. Pole jamani. Si nilikuachia Mama? Si nilikuwekea ulale naye?"

Fundi akafunga mdomo. Akapitisha sindano chini ya uzi wa kidole cha kwanza, akakata. Akapitisha kwenye cha pili, hapo palikuwa pabaya, nyama ilikuwa imeota juu ya uzi, ikambidi abonyeze, na Jemedari akapiga kelele ya pumzi ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Binti akalia. Fundi akalia. Uzi ukatoka. Akauviringa haraka akautia mfukoni mwa koti.

"Mshikilie hivyo hivyo," akasema. "Naleta boksi."

Aliingia chumba cha kushonea akijikwaa. Lile shali lilikuwa pale mezani, alivyolipanga yeye mwenyewe, limefunguliwa kama mtu aliyefumaniwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Akalikunja vibaya, akalisukumia chini ya kapu la vipande, akaweka vipande juu, akarudi jikoni na boksi.

Ni binti aliyekwenda kutafuta cha kumfunikia. Alikawia huko. Aliporudi alileta fulana yake ya michezo, akaifunika juu ya Jemedari, na mpaka wanafika zahanati hakusema neno hata moja.

Daktari alikuwa ameshaoga baada ya kazi ya ng'ombe, lakini harufu ilikuwa bado. Aliuchunguza mguu kwa muda mrefu. Kidole kimoja kitakwenda, alisema, kingine kitapona, na mguu uko salama, ungengoja mchana usingekuwa salama. Kisha akaanza kuuliza, na kila jibu lilimtoa pumzi puani. Wavu gani? Wa kuku, ncha ndani. Taa? Ndani, inaning'inia. Haijazungushiwa kitu? Haijazungushiwa.

"Huyu mnyama hamjamfuga, mmemfunga," akasema. "Pua hii ni wavu. Baka hili ni taa. Taa inakaa nje ya kizimba, au inazungushiwa kinga asiyoweza kuigusa. Wavu laini, ncha zote nje. Gogo likazwe, lisimwangukie. Chini tandika magazeti, ukichafuka unatupa. Na kitambaa hakuna. Hakuna taulo, hakuna blanketi, hakuna kitu chochote chenye uzi unaofumuka. Na akae mahali anapoonekana, kila siku aangaliwe vidole, mkia, mdomo. Sasa, ni nani aliyemwekea uzi mle?"

Binti alikuwa anatazama ukucha wake. Mabega yake yalikuwa yamepanda mpaka masikioni.

"Mimi ni fundi cherehani," Fundi akasema. "Kwangu nyuzi zimejaa."

"Na hukuona siku zote hizi mguu unavimba?"

"Niliweka pazia. Nilikuwa naogopa kumwangalia."

Hilo halikuwa la kubeba kwa ajili ya mtu, hilo lilikuwa lake. Daktari alimsema, na alimsema sawasawa, kama mtu anayemsema mtoto aliyechezea moto. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, mikono imekunjwa, shavu limevimba. Alisema ndiyo, nimesikia, nitatengeneza kizimba kingine wiki hiihii. Alijua mumewe atayasikia yote hayo. Alijua Mama Pacha atayasikia kabla ya mumewe.

Walitoka. Barabara ilikuwa na jua kali, watu wanapita na mambo yao. Binti alibeba boksi mikono miwili, anatembea mbele, Fundi nyuma. Mbele ya duka la vipuri binti akasimama ghafla mpaka wakataka kugongana.

"Nililikuta kwenye kapu," akasema. Hakugeuka. "Shali. Nilikwenda kulichukua nimfunike, halikuwamo kisandukuni. Nikalitafuta. Limefumuka."

Fundi akasogea pembeni kumpisha mpita njia.

"Ulijua ni la Mama."

"Nilijua."

"Ulijua tangu mwanzo, nilipokuwa nakutukana ulijua. Na pale kwa daktari." Sasa akageuka, na uso wake wote ulikuwa umelowa. "Kwa nini hukusema?"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi ndiye niliyeliweka. Ungesema tu, ingekwisha. Uliogopa nini?"

Fundi akatoa jibu lililokuwepo.

"Niliogopa ukijua, hutaweza kulishika tena."

Binti alimtazama. Akamsukumia Fundi lile boksi mikononi, kwa kuwa machozi yalikuwa yamemzidi na hakuwa na mkono wa kuyafutia.

Fundi akalipokea. Ndani Jemedari akajigeuza, kucha zikakwaruza karatasi ngumu palepale vidole vya Fundi vilipokuwa, uzito ukahama kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia, na hofu ileile ikampanda, haikupungua hata kidogo. Alilishika hivyo hivyo, akasubiri mtoto amalize kulia.